Uvishaji Pete wa Ndege Waimbaji Wahamaji katika Kituo cha Pwani cha Manomet, Massachusetts: Mbinu, Data na Mipaka ya Tafsiri

Ikisiri

Makala hii inafafanua kazi ya kuwavisha pete ndege waimbaji wahamaji katika kituo cha pwani wakati wa safari yao ya kuelekea kusini. Mfano mkuu ni kituo cha Manomet kilichopo pwani ya Massachusetts, Marekani, ambako ndege wamekuwa wakinaswa kwa nyavu, kupimwa na kuachiwa tangu miaka ya 1960. Makala inaeleza namna ndege anavyonaswa, anavyokadiriwa umri na anavyopimwa mafuta, kisha inajadili swali ambalo ndilo kiini chake: je, kupungua kwa ndege wavuni ni ushahidi tosha wa kupungua kwa ndege porini? Inahojiwa kuwa data za kituo cha pwani zina thamani kubwa, lakini zinasomeka vizuri pale tu msomaji anapoelewa upendeleo uliomo ndani yake, hususani wingi wa makinda wa mwaka, mabadiliko ya uoto na nguvu ya hali ya hewa.

Maneno msingi: uvishaji pete, ndege wahamaji, athari ya pwani, saa za wavu, upendeleo wa sampuli

1.0 Utangulizi

Ndege mwimbaji mwenye uzito wa gramu 12 husafiri usiku, hupita juu ya misitu, miji na bahari, na mara nyingi hakuna jicho la binadamu linalomwona. Kwa sababu hiyo, maswali ambayo kwa wanyama wakubwa yanajibiwa kwa kuhesabu tu, kwa ndege huyu ni magumu. Ametoka wapi? Ana umri gani? Ana akiba ya kutosha kuvuka bahari? Wenzake wanaongezeka au wanapungua? Uvishaji pete ni mojawapo ya njia kongwe za kutafuta majibu ya maswali hayo. Kwa maelezo mafupi, ndege hunaswa bila kuumizwa, huvishwa mguuni pete nyepesi ya alumini yenye namba isiyorudiwa, hupimwa, kisha huachiwa aendelee na safari.

Kabla ya kuendelea, istilahi moja inahitaji ufafanuzi. Majira yanayozungumziwa hapa ni kipindi cha kuanzia Agosti hadi Novemba katika kizio cha kaskazini cha dunia, ambapo majani ya miti hubadilika rangi na kudondoka. Kamusi kadhaa huyaita majira haya vuli. Hata hivyo, kwa msomaji wa Afrika Mashariki vuli ni mvua fupi za mwisho wa mwaka. Ili kuepuka mkanganyiko, makala hii inatumia istilahi ya majira ya mapukutiko.

2.0 Usuli wa Uvishaji Pete

Uvishaji pete wa kisayansi kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mwaka 1899, pale Hans Christian Cornelius Mortensen, mwalimu wa mji wa Viborg nchini Denmark, alipowavisha kwezi wa Ulaya pete za alumini zilizoandikwa namba na anwani. Jambo jipya halikuwa pete yenyewe, kwani watu walikwisha kuwatia ndege alama kabla yake. Jipya lilikuwa ni utaratibu: kila ndege alipewa utambulisho wa peke yake, na kila utambulisho uliandikwa katika daftari. Mwaka 1902 Paul Bartsch aliwavisha pete makinda wa ndege wa jamii ya yangeyange jijini Washington. Mwaka 1920 serikali ya Marekani ilichukua jukumu la kusimamia kazi hiyo nchini kote chini ya Frederick Lincoln, ambaye aliiongoza kwa zaidi ya miongo miwili. Tangu mwaka 1923 kazi hiyo imefanywa kwa ushirikiano na Kanada. Hadi leo hakuna anayeruhusiwa kumvisha pete ndege mhamaji nchini Marekani bila kibali cha serikali kuu.

Mapinduzi ya pili yaliletwa na wavu. Kwa karne nyingi wawindaji wa Japani walinasa ndege kwa nyavu za nyuzi nyembamba sana ambazo ndege hazioni kwa urahisi. Mwanaornitholojia Oliver L. Austin, aliyefanya kazi Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, aliandika kuhusu mbinu hiyo mwaka 1947, na katika miaka ya 1950 nyavu hizo zilienea katika vituo vya Amerika ya Kaskazini. Kabla ya hapo ndege waimbaji walinaswa kwa mitego ya chambo, ambayo haiwavutii ndege wanaokula wadudu. Wavu haubagui chakula. Humnasa yeyote apitaye kwa kimo chake. Zana ya kumtafutia binadamu kitoweo ikageuka kuwa zana ya kumfahamu ndege.

3.0 Mahali na Majira

Manomet ni eneo la mji wa Plymouth, juu ya genge linalotazama Ghuba ya Cape Cod. Unasaji wa ndege mahali hapo ulianza mwaka 1966, na kituo kiliasisiwa rasmi mwaka 1969. Katika majira ya mapukutiko nyavu zipatazo 50 hufunguliwa kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Novemba. Nyavu hizo husimamishwa mahali palepale kila mwaka, kando ya vijia vilivyokatwa ndani ya vichaka. Uthabiti huo ndio unaoipa kazi ya kituo thamani yake, kwa sababu mwaka hauwezi kulinganishwa na mwaka mwingine iwapo mahali, muda na zana vimebadilika.

Mfuatano wa majira una mpangilio wake. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba hupita ndege wanaokwenda mbali, yaani wale watakaokaa Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini. Oktoba huleta wale wanaosafiri umbali mfupi zaidi, akiwemo Setophaga coronata, ambaye ana uwezo adimu miongoni mwa jamaa zake wa kumeng'enya nta ya matunda ya vichaka vya pwani na hivyo kustahimili baridi ambayo imekwisha kuua wadudu. Novemba hubaki shomoro wa Amerika na wachache waliochelewa.

Wingi wa ndege kwa siku hutegemea zaidi upepo kuliko tarehe. Kama vile manahodha wa majahazi walivyosubiri msimu wa kusi au kaskazi kabla ya kutweka tanga, ndege hawa husubiri upepo wa kaskazini-magharibi unaofuata kupita kwa hewa ya baridi. Usiku wa kwanza wa upepo huo maelfu huruka pamoja. Kunapopambazuka, wale waliofikishwa ukingoni mwa bahari hushuka kwenye kichaka cha kwanza wanachokiona. Hivyo, siku moja nyavu huweza kunasa ndege wachache tu, na siku ifuatayo wavishaji pete wakalazimika kufunga baadhi ya nyavu kwa kuzidiwa.

4.0 Kutoka Wavuni hadi Daftarini

Wavu wa kawaida una urefu wa mita 12 na kimo cha takribani mita 2.6. Nyuzi nne au tano nene hupita kwa ulalo na kuugawa katika matabaka. Chini ya kila uzi wavu huachwa ulegee na kufanya mfuko. Ndege anayeruka kichakani hugonga wavu, huangukia mfukoni na kulala humo. Nyavu hufunguliwa alfajiri na kukaguliwa kwa mizunguko isiyozidi saa moja. Joto au baridi inapoongezeka, mizunguko hukaribiana. Mvua inaponyesha au upepo unapovuma kwa nguvu, nyavu hufungwa.

Kumtoa ndege wavuni ni ujuzi unaofundishwa kwa miezi. Kanuni ya msingi ni kwamba ndege hutoka kwa njia aliyoingilia. Kwa hiyo mtoaji hutafuta kwanza upande alikoingilia, huachanisha nyuzi na miguu, kisha mabawa, na mwisho kichwa. Ndege huwekwa katika mfuko mwepesi wa kitambaa na kupelekwa mezani. Pale hushikwa kwa namna ambayo shingo hupita kati ya kidole cha shahada na cha kati, huku mgongo ukiegemea kiganja. Kifua hakibanwi kamwe, kwani ndege hana kiwambo cha kupumulia kama alichonacho binadamu. Hupumua kwa kusogeza mifupa ya kifua, na akibanwa hapo hukosa pumzi.

Pete huvishwa kwanza ili, endapo ndege atachoropoka, angalau utambulisho wake uwe umehifadhiwa. Baada ya hapo hufuata spishi, umri, jinsi inapowezekana, urefu wa bawa, kiwango cha mafuta na uzito. Kazi yote kwa mikono iliyozoea huchukua dakika moja au mbili. Kisha ndege huachiwa.

Idadi ya ndege walionaswa haina maana peke yake. Kipimo kinachotumika ni saa za wavu: wavu mmoja wa mita 12 uliofunguliwa kwa saa moja. Tuchukulie mfano wa kufikirika. Siku moja nyavu 50 zimefunguliwa kwa saa sita, yaani saa 300 za wavu, na ndege 45 wamenaswa. Kiwango ni ndege 15 kwa kila saa 100 za wavu. Siku nyingine mvua imeruhusu saa 200 tu, na ndege 40 wamenaswa. Hesabu ghafi inaonesha upungufu, lakini kiwango kimepanda hadi 20. Mtafiti anayesoma daftari la zamani bila kujua muda wa nyavu anaweza kufikia hitimisho lililo kinyume cha ukweli.

5.0 Umri na Athari ya Pwani

Katika majira ya mapukutiko swali la umri lina majibu mawili ya msingi: ndege huyu ameanguliwa mwaka huu, au ameanguliwa kabla ya mwaka huu. Njia moja ya kujua ni fuvu. Kinda anapotoka kiotani fuvu lake lina tabaka moja la mfupa. Kadiri miezi inavyopita, tabaka la pili huota chini ya la kwanza, na matabaka hayo huunganishwa na vijiti vidogo vya mfupa. Mvishaji pete hulowesha manyoya ya kichwa, huyatenga, na kutazama kupitia ngozi ambayo karibu inapenyeza mwanga. Sehemu yenye tabaka moja huonekana ya rangi ya waridi na isiyo na alama. Sehemu yenye matabaka mawili huwa nyeupe zaidi na yenye vitone. Njia hii hudhoofika kadiri majira yanavyosonga, kwa kuwa makinda walioanguliwa mapema huweza kuwa na fuvu kamili ifikapo Novemba. Kwa hiyo huthibitishwa kwa kutazama manyoya ya bawa, ambapo kinda wa mwaka mara nyingi huwa na manyoya ya vizazi viwili yaliyopishana rangi na ubora.

Matokeo ya upimaji huu katika vituo vya pwani ya Atlantiki yamewashughulisha watafiti kwa zaidi ya nusu karne. Makinda wa mwaka huwa wengi kupita kiasi. Kwa spishi nyingi hufikia ndege tisa kati ya kila kumi wanaonaswa, uwiano ulio mkubwa kuliko ule wa vituo vya bara. Hali hii huitwa athari ya pwani.

Fasili tatu zimependekezwa. Kwanza, makinda wanaosafiri kwa mara ya kwanza husukumwa na upepo hadi juu ya bahari, na alfajiri hurudi kutafuta nchi kavu, ilhali wakubwa wenye uzoefu hufidia msukumo wa upepo mapema. Pili, pwani ni ukingo wa njia kuu, na ukingoni ndiko wanakopatikana wale waliopotoka. Tatu, wakubwa hupita pia lakini hawatui, au wakitua hawakai chini kwenye kimo cha wavu. Fasili hizi hazipingani, na uzito wa kila moja huweza kutofautiana kwa spishi.

Athari ya pwani ina tokeo la moja kwa moja kwa utafiti. Uwiano wa makinda kwa wakubwa ungeweza kuwa kipimo rahisi cha mafanikio ya uzazi kaskazini. Kwa kituo cha pwani, mtu anayesema kuwa wazazi kumi wamelea makinda tisini kwa sababu tu wavu umeonesha uwiano huo atakuwa amesoma tabia ya upepo akidhani anasoma habari za kiota. Kinachoweza kutetewa ni ulinganisho wa mwaka na mwaka ndani ya kituo kilekile, kwa sharti kwamba upendeleo wenyewe haukubadilika.

6.0 Mafuta na Safari ya Bahari

Baada ya umri, taarifa yenye uzito zaidi ni mafuta. Mvishaji pete hupuliza taratibu manyoya ya kifua ili yatengane. Chini ya koo, baina ya pande mbili za mfupa wenye umbo la panda, kuna shimo ambalo ndege huhifadhi mafuta ya manjano. Shimo likiwa tupu, kiwango ni sifuri. Likijaa na kufura, na mafuta yakaenea tumboni, kiwango huwa cha juu.

Umuhimu wa kipimo hiki unadhihirika kwa Setophaga striata. Ndege huyu huzaliana katika misitu ya Kanada na Alaska na hukaa kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Uzito wake wa kawaida ni takribani gramu 12, lakini kabla ya safari huweza kuzidi gramu 20. Kwa muda mrefu wanaornitholojia walihojiana iwapo huvuka Atlantiki moja kwa moja au hufuata pwani. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliotumia vifaa vidogo vinavyorekodi mwanga wa jua. Ndege watano waliopatikana tena walionesha kuwa waliruka bila kutua kilomita 2,270 hadi 2,770 kwa siku mbili hadi tatu, kutoka pwani ya kaskazini-mashariki hadi visiwa vya Karibi. Vifaa hivyo havikutuma taarifa. Ilibidi ndege wanaswe upya mwaka uliofuata. Teknolojia mpya, kwa maana hiyo, ilitegemea kazi ya zamani ya wavu na mkono.

Kwa mtazamo huo, kichaka cha pwani ni ghala la mwisho kabla ya bahari. Ndege anayenaswa siku ya kwanza akiwa na gramu 12 na kunaswa tena siku ya sita akiwa na gramu 15 anathibitisha kuwa mahali hapo pana chakula cha kutosha. Hata hivyo, tahadhari inahitajika: wanaonaswa tena ni wale waliobaki, na wanaobaki mara nyingi ni wale waliofika wakiwa wamekonda. Waliofika wanene huondoka usiku uleule na hawamo katika hesabu ya ongezeko.

7.0 Je, Wavu Unapopungukiwa, Msitu Umepungukiwa?

Mwaka 2004 Trevor Lloyd-Evans na Jonathan Atwood walichapisha uchambuzi wa miaka 32 ya unasaji wa Manomet na kuonesha kuwa spishi nyingi zilikuwa zimepungua. Mwaka 2019 utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulikadiria kuwa Marekani na Kanada zimepoteza takribani ndege bilioni 2.9 tangu mwaka 1970, sawa na asilimia 29. Hoja hizi mbili zinaelekea upande mmoja, lakini zisichanganywe kwa haraka.

Takwimu za kituo kimoja zina maelezo mbadala matatu. La kwanza ni uoto. Kichaka cha miaka ya 1960 huota na kuwa mti. Ndege aliyekuwa akiruka kwenye kimo cha wavu sasa hupita juu yake. Upungufu wavuni hapo ni mabadiliko ya mimea. La pili ni hali ya hewa: miaka yenye upepo mdogo wa kaskazini-magharibi huleta ndege wachache pwani hata kama kaskazini wamejaa. La tatu ni njia yenyewe, ambayo huweza kusogea.

Data za Manomet zimetoa pia funzo kuhusu tarehe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu safari za kuelekea kaskazini ulionesha kuwa siku ya kunaswa kwa ndege wa kwanza huathiriwa na ukubwa wa idadi ya ndege. Spishi inapopungua, yule wa kwanza hukawia kuonekana, si kwa sababu wote wamechelewa bali kwa sababu wa kumwona ni wachache. Wastani wa tarehe za ndege wote ni kipimo thabiti zaidi. Hivyo, mtafiti wa mabadiliko ya tabianchi anayetegemea tarehe ya kwanza pekee huweza kupima upungufu akidhani anapima joto.

Kinachoipa hoja ya upungufu nguvu ni makubaliano ya mashahidi wasiotegemeana. Utafiti wa mwaka 2019 ulitumia hesabu za ndege wanaozaliana pamoja na rada za hali ya hewa, ambazo hupima wingi wa viumbe wanaoruka usiku. Rada haijali kimo cha kichaka, na mhesabu wa ndege wa Juni hajali upepo wa Septemba. Pale ambapo wavu, rada na sikio la mhesabu vinasema jambo moja kuhusu spishi moja, shaka hupungua. Pale vinapotofautiana, kituo cha pwani kinapaswa kuulizwa kwanza kuhusu mimea yake.

8.0 Gharama kwa Ndege

Suala la maadili haliwezi kuwekwa pembeni. Ndege anayecheleweshwa asubuhi baada ya kuruka usiku kucha anapoteza muda wa kula, na wachache huumia au kufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mashirika 22 ya Marekani na Kanada ulionesha kuwa majeruhi walikuwa asilimia 0.59 na vifo asilimia 0.23 ya unasaji wote. Viwango hivyo ni vidogo, lakini si sifuri. Kwa kituo kinachonasa ndege 2,000 kwa majira, asilimia 0.23 ni ndege wanne au watano.

Upande wa pili wa mizani ni uchache wa taarifa za mbali. Kwa ndege waimbaji wadogo, chini ya mmoja kati ya mia wanaovishwa pete hupatikana tena mahali pengine. Iwapo lengo pekee ni kujua ndege alikwenda wapi, gharama ni kubwa kuliko faida. Uhalali wa kazi hii kwa hiyo unategemea kile kinachopimwa katika dakika ile moja au mbili, na utunzaji wa daftari kwa miongo. Kituo kinachovisha pete bila kupima, au kinachopima bila kuchambua, kinamdai ndege gharama bila kulipa.

9.0 Uhusiano na Afrika Mashariki

Hali iliyojadiliwa haihusu Atlantiki pekee. Huko Ngulia, katika Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia wamekuwa wakivishwa pete tangu mwaka 1969, hasa Novemba na Desemba. Miongoni mwao ni Acrocephalus palustris na Luscinia luscinia. Ngulia haiko pwani, lakini inafanana na Manomet kwa jambo la msingi: wingi wa ndege hutawaliwa na anga. Usiku wenye ukungu na usio na mbalamwezi, taa za hoteli iliyopo juu ya ukingo wa mlima huwavuta ndege kushuka. Usiku mweupe, hupita juu bila kutua. Mwaka wenye ukungu mchache ungeweza kusomwa kimakosa kuwa ni mwaka wenye ndege wachache.

10.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa kituo cha pwani ni dirisha lenye kioo kilichopinda. Kinaonesha makinda wengi kuliko walivyo, wakonde waliobaki kuliko wanene walioondoka, na waruka chini kuliko waruka juu. Dosari hizi hazibatilishi data, zinaziwekea masharti. Kwa msingi huo, mambo matatu yanapendekezwa kwa vituo vilivyopo na vitakavyoanzishwa, vikiwemo vya Afrika Mashariki. Mosi, saa za wavu na hali ya hewa viandikwe kila siku, hata siku ambayo hakuna ndege aliyenaswa. Pili, kimo na aina ya mimea kando ya kila wavu vipimwe kila mwaka, na pale inapowezekana vichaka vikatwe ili vibaki katika kimo kilekile. Tatu, matokeo ya wavu yalinganishwe na angalau chanzo kimoja kisichotegemea wavu kabla ya kutangaza kuwa spishi inaongezeka au inapungua. Bila masharti hayo, miaka hamsini ya daftari itabaki kuwa orodha ndefu ya namba za pete.